Waya Mnene Nyumbani kwa Glenys

Ukipita mtaa wa akina Glenys, huku kaskazini mwa Adelaide, asubuhi ya Februari yenye joto kali, utadhani watu wamehama. Mapazia yamefungwa, mbwa wamejichimbia chini ya magari, nyasi za mbele ya nyumba zimegeuka rangi ya biskuti. Lakini ngoja saa tano ifike. Hapo utasikia nyumba ya Glenys ikiamka: mashine ya kufulia inanguruma, kiyoyozi kinakohoa kisha kinavuma, oveni inawashwa, redio nayo inaongezwa sauti ili ishinde hayo mengine yote.

Siri yake haikuwa siri, mtaa mzima uliijua. Mapaa ya mji huu yamejaa vioo vya kuvuna jua, na ikifika mchana umeme unakuwa mwingi hadi wenye kuuuza hawajui waumwage wapi. Basi kampuni inayomuuzia Glenys umeme ikampa mpango: kuanzia saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, tumia utakavyo, bure. Ila jioni, ndugu yangu, jioni ndipo wanapokukamua. Wengi walioupokea mpango ule waliusahau baada ya wiki moja. Glenys aliufanya dini.

Alikuwa mama mrefu, mwembamba, anayekaribia sabini, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Kazi yake ya ujanani na uzeeni ilikuwa moja: kuuza chakula kwenye kantini ya shule, hadi watoto aliowauzia wakaanza kumletea watoto wao. Mumewe, Doug, alipofariki alimwachia nyumba ndogo ya matofali, isiyo na deni, na Glenys akabaki humo na pensheni ya serikali. Nyumba yako mwenyewe ni raha, lakini nayo inataka kulishwa. Leo halmashauri inadai, kesho kampuni ya maji, keshokutwa bima. Kila mwaka vyote hivyo vinapanda mbio, na pensheni inavifuata nyuma kama mtu mwenye goti bovu.

Kwa hiyo mambo yote ya nyumba ile yalifanyika mchana. Nyama ya usiku iliokwa mchana. Nguo zilifuliwa mchana. Kuoga, mchana, kama watoto wa chekechea. Chai ya jioni ilichemshwa mchana ikafungiwa kwenye chupa. Kiyoyozi kiliwekwa baridi ya mwisho hadi kuta zenyewe zikapoa, na ikifika saa nane kilizimwa, milango ikafungwa, baridi ikafugwa ndani kama kuku. Usiku Glenys alitoa kwenye friza chupa za maji yaliyoganda, akazipanga mbele ya feni ndogo, feni ikapuliza ubaridi chumbani kwa kaka yake. Chumbani kwake yeye hakukuwa na feni.

Huyo kaka ndiye Kelvin. Alikuwa fundi wa umeme kwenye karakana ya treni maisha yake yote, na vumbi la asbesto la enzi zile lilikuwa limemlia mapafu. Alikuja kwa dada yake akivuta msafara wake, maana yake ule mkokoteni wa kulala ndani ambao wastaafu huuvuta nyuma ya gari wakaizunguke nchi. Alisema amepita kusalimia tu, anaelekea mtoni Murray. Ulikuwa mwaka wa pili sasa. Msafara uliegeshwa pembeni ya nyumba, magurudumu yamelala, na Kelvin alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mpira wa oksijeni puani, mashine ikihema pembeni yake mchana na usiku. Ile mashine haikujua habari ya saa za bure. Ilikula jioni, ilikula usiku wa manane, na Kelvin aliisikia inavyokula.

"Zima hiki kidubwana nusu saa," alikuwa akimwambia dada yake. "Nitahema kwa nguvu za mkono."

"Zima wewe mdomo," Glenys humjibu, "tutaokoa pumzi zaidi."

Ndivyo walivyoongea. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hawakulitania. Mara ya mwisho Kelvin alipolazwa, daktari alisema wazi: mtu huyu hawezi kukaa nyumba yenye joto, wala nyumba ambayo umeme wake unasuasua. Atakuja mkaguzi wa huduma za wazee, aangalie. Akiridhika, Kelvin atabaki kwa dada yake, na muuguzi atakuwa anakuja. Asiporidhika, atapelekwa makao ya wazee, na kitanda cha kudumu kilichokuwa wazi kilikuwa mji mwingine kabisa, huko juu kwenye ghuba, mwendo wa kukatisha tamaa kwa mwanamke ambaye gari lake na la kaka yake yalikuwa yameshauzwa.

Siku ile Kelvin hakutania. Alisema, "Nikienda kule, Glen, usijisumbue kuja kunisalimia. Njoo kunizika."

Sasa sikilizeni jambo lililofanyika mwezi wa kwanza, maana ndilo lililozaa haya mengine.

Nyumba ile ilikuwa na fyuzi za kizamani, zile za kauri nyeupe, zilizobanwa waya mwembamba katikati. Kazi ya ule waya ni kufa. Umeme ukizidi, waya unayeyuka, soketi zote zinazimika, na ukuta wako unabaki salama. Zilipojengwa nyumba hizi, soketi zilibeba redio, pasi na taa ya kusomea. Sasa Glenys alikuwa anazibebesha kazi ya siku nzima ndani ya mchana mmoja. Kijana aliyekuja kufunga mita mpya alitikisa kichwa akasema, "Mama, hili boksi ni la makumbusho. Libadilishe, na waya wa ukutani pia." Glenys alimpa chai na kipande cha keki, akamshukuru sana, akafunga mlango. Kubadilisha kwa fedha gani? Mwaka ule ule alikuwa ameshaiacha bima ya nyumba kimyakimya, kwa sababu bila kuiacha hesabu ilikuwa haifungi. Hakumwambia mtu yeyote, hata Kelvin.

Basi fyuzi ikaanza kukatika. Mara ya kwanza, ya pili. Mara ya tatu ilikatika Glenys akiwa kanisani akipanga nguo za mitumba. Mashine ya Kelvin ikalia, Kelvin akajisogeza hadi kwenye mtungi wa akiba wa oksijeni akaufungua mwenyewe, na aliporudi dada mtu alimkuta mzee ana rangi ya majivu, na friza imevuja, nyama na supu za wiki mbili zimelegea. Glenys hakulia kwa ajili ya Kelvin, maana Kelvin alikuwa mzima anatukana. Alilia kwa ajili ya nyama. Alikaa sakafuni mbele ya friza akalia kwa sauti.

Kelvin alimtazama. Kisha akasema, "Nenda kwenye msafara wangu. Droo ya chini. Kuna kadi iliyozungushiwa waya wa fyuzi. Usichukue mwembamba, chukua ule mnene."

"Si ulisema mnene ni hatari?"

"Nilisema. Mpaka joto lipite tu, Glen. Wiki chache."

Kelvin alielekeza, Glenys akabana skrubu. Tangu siku ile fyuzi haikukatika tena. Hata mara moja. Glenys akaanza kulala usingizi.

Siku ya mkaguzi ilikuja na upepo wa kaskazini, ule unaotoka jangwani ukiwa mkavu kama pumzi ya oveni. Redio ilisema digrii arobaini na tatu. Mkaguzi alitakiwa kufika saa kumi. Glenys alikuwa na mpango wake: apooze nyumba mchana, aizime saa nane, na saa kumi, hata kama ni umeme wa bei ya kukamua, awashe tena mpaka mgeni aondoke. Siku moja si kitu.

Saa tano ilipofika tu, mlango wa nyuma ukapigwa teke. Alikuwa Rosanna, jirani wa ng'ambo ya uzio, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mpiga ngumi, amebeba kreti la nyanya. Nyuma yake, juu ya toroli la bustani, kulikuwa na makreti mengine na birika kubwa la umeme, lile la kanisani la kuchemshia chai ya watu mia.

"Rosanna, leo? Shoga, si nilikwambia leo ninao wageni?"

"Wewe una wageni, mimi nina nyanya. Mgeni anaweza kusubiri barazani. Nyanya hazisubiri. Gusa hii! Ikifika kesho ni supu ya nzi."

Kila Februari Rosanna alitengeneza rojo la nyanya la mwaka mzima, kama mama yake alivyofanya, na mama wa mama yake huko Calabria. Zamani walichemsha uani kwa kuni. Sasa kuwasha moto nje siku ya upepo kama ule ni kosa la kukupeleka mahakamani, na gesi imekuwa ghali, kwa hiyo alikuwa anachemshia kwa Glenys, na kulipa kwa chupa za rojo. Ilikuwa haki. Tambi za Kelvin za msimu wa baridi zilitoka kwenye chupa zile.

"Saa nane niwe nimeondoka," Rosanna aliapa, huku anachomeka birika la kanisa jikoni. "Mgeni wako hatanusa hata jani."

Simu ikalia kabla nyanya hazijapata joto.

"Bi Glenys? Mimi Shauna, wa ukaguzi wa huduma za wazee. Samahani, mama, hili joto limetuvuruga ratiba. Naweza kuja sasa hivi badala ya saa kumi? Niko mtaa wa tatu kutoka kwako."

Ungesema nini? Ukisema hapana, utaonekana unaficha. "Karibu, mwanangu, karibu," Glenys alisema, akakata simu, akageukia jikoni.

"Anakuja sasa!"

"Nani?"

"Mkaguzi! Zima birika!"

"Nikizima sasa zitaharibika zote. Nitafunga mlango wa jikoni. Nitakuwa kimya kama mtawa."

"Wewe?" Kelvin alidakia kutoka chumbani. "Wewe ulinyamaza lini, Rosanna? Siku ya kubatizwa?"

"Hema, mzee, hema! Kazi yako ni kuhema!"

Shauna alikuwa mwanamke wa makamo, shati limemganda mgongoni, kishikwambi mkononi. Alipoingia ndani akafumba macho kwa raha. "Jamani, baridi! Nyumba yenu ndiyo ya kwanza leo ambayo sijatamani kukimbia." Akaandika. Glenys aliona anavyoandika, na moyo ukapanda kidogo.

Walikaa chumbani kwa Kelvin. Ukuta ulio nyuma ya kiti chake ndio ukuta wa jikoni. Kelvin alikuwa amevaa shati lake la kola, amechana nywele zote alizonazo.

"Mzee Kelvin, unajisikiaje kukaa hapa?"

"Chakula kizuri, mpishi mkali. Nikilalamika nanyimwa chai."

"Unalala vizuri?"

"Nalala kama mtoto. Naamka kila baada ya muda kidogo nikilia."

Shauna akacheka, akaandika tena. Aliuliza kuhusu bafu, ngazi, dawa. Glenys alijibu kila kitu upesi, mikono ameibana katikati ya magoti. Mashine ya oksijeni ilihema. Upande wa pili wa ukuta birika la kanisa lilibubujika, na mashine ya kufulia ikaanza kuzungusha kwa kasi. Kisha Shauna akainua pua.

"Kuna mtu anapika samaki?"

Glenys naye alikuwa ameisikia, dakika chache kabla, akajidanganya. Harufu ya samaki, lakini si samaki wa kula. Samaki aliyechachuka, mwenye chembe ya plastiki ndani yake. Hapakuwa na samaki ndani ya nyumba ile tangu Krismasi.

Alimtazama kaka yake. Mtu aliyekaa na umeme maisha yake yote anaijua harufu ile. Soketi ikiungua, waya wa zamani ukiiva ndani ya ukuta, ndivyo unavyonuka. Macho ya Kelvin yalikuwa yamesimama. Kisha mzee akatabasamu, na Glenys akaona tabasamu lile lilivyomgharimu.

"Samaki wa jana," alisema Kelvin. "Dada yangu amepasha kiporo."

"Ndiyo," Glenys akasikia sauti yake mwenyewe ikisema. "Kiporo."

Shauna akaitikia kwa kichwa, akaendelea kusoma kwenye kishikwambi chake. Glenys aliinuka, akajifanya anarekebisha pazia, akaegemeza kiganja ukutani, juu kidogo ya kichwa cha Kelvin. Nyumba nzima ilikuwa baridi. Pale pa kiganja palikuwa pa moto, kama ubavu wa mtoto mwenye homa.

Umeme ukizimwa, mashine itaanza kulia mbele ya mkaguzi. Joto litaingia. Ataandika, na Kelvin atapelekwa kule juu, kwenye ghuba. Usipozimwa, labda nusu saa tu inatosha. Nusu saa mgeni aondoke, halafu wazime kila kitu, wafungue madirisha, mambo yaishe wenyewe kwa wenyewe. Mtu haungui kwa nusu saa. Lakini hapo hapo kichwani akauona mpira ule puani kwa Kelvin, na oksijeni inayomwagika shingoni mwake na kwenye kola ya shati, na alikuwa ameambiwa mara ngapi kwamba moto ukiikuta oksijeni hauombi ruhusa. Na bima aliyoiacha. Na Kelvin ambaye hawezi kutembea hadi mlangoni bila kupumzika mara mbili.

Kelvin alimtazama kutoka chini. Alitikisa kichwa taratibu, hapana. *Ngoja.* Mdomo wake ulisema bila sauti: ngoja.

"Tumekaribia kumaliza," alisema Shauna. "Swali hili ndilo wanalolitilia mkazo sana, kwa ajili ya mashine. Umeme ukizimika ghafla, Bi Glenys, wewe unafanya nini?"

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelikariri mbele ya kioo. Nafungua mtungi wa akiba, napiga simu kwa kampuni, napiga simu kwa hospitali. Alifungua mdomo, na kiganja kikiwa bado ukutani, kikamwuma.

"Nakwenda kuuzima mwenyewe," alisema.

"Samahani?"

"Kelvin, mtungi."

"Glen, usifanye hivyo. Glen!"

Alikuwa ameshatoka. Alikimbia mwanamke yule, na uzee wake. Alipita jikoni, Rosanna akasema "Mama mia!", akafungua mlango wa nyuma, na joto likampiga usoni kama taulo lililotoka kwenye maji moto. Boksi la umeme lilikuwa barazani. Alipogusa kifuniko chake aliurudisha mkono, kilikuwa cha moto. Akavua aproni, akaizungushia mkononi, akaishusha swichi kubwa.

Ajabu ya kimya kile. Kiyoyozi, mashine ya kufulia, redio, birika la kanisa, vyote vilikufa pamoja. Kikabaki kitu kimoja tu kinacholia ndani ya nyumba, kile king'ora cha mashine ya Kelvin, kikali, kinachochoma sikio.

Aliporudi chumbani Shauna alikuwa ameshatupa kishikwambi kitandani na alikuwa anahamisha mpira kwenda kwenye mtungi. Glenys akafungua vali kwa ufunguo uliokuwa umefungwa pale pale kwa kamba. "Hakuna samaki," alisema. "Nilikudanganya. Ukuta unaungua. Saidia kumwinua."

Walimweka kwenye kiti cha magurudumu wakamtoa nje, Shauna nyuma, Rosanna mbele akisukuma viti kwa nyonga, Glenys amekumbatia mtungi kama mtoto. Walipitia lile pengo la uzio ambalo Glenys na Rosanna walikuwa wanapitishia rojo na keki. Rosanna aliwasha kiyoyozi chake baridi ya mwisho.

"Rosanna, kwako si bure," Glenys alisema, akihema.

"Funga mdomo. Leo hesabu zilale."

Shauna alipiga simu, zimamoto wakafika. Walikata ukuta nyuma ya kile kiti, ukuta wa ndani wa mbao na jasi, bamba la jasi likaanguka kipande kimoja. Nguzo ya mbao iliyokuwa ndani ilikuwa nyeusi kama mkaa, na kwenye ukingo wake, walipopuliza vumbi, palikuwa na mstari mwekundu unaopumua. Waliumwagia maji. Kiongozi wao, mwanamke mwenye masizi kidevuni, alikuja uani akiwa na kile kifyuzi cha kauri kwenye glavu.

"Hii kazi ya nani? Huu waya ungefungia lango la ng'ombe."

"Yangu," Kelvin akasema kutoka kwenye kiti.

"Uongo," Glenys akasema. "Mimi ndiye niliyebana skrubu."

"Nani alikuelekeza?" Kelvin akadakia. "Wewe unajua skrubu?"

"Niliishi na Doug miaka yote ile, nani alikuwa anatengeneza vitu?"

"Mtagombea baadaye," alisema yule mwanamke. "Aliyezima swichi ni nani?" Glenys akainua mkono kama mtoto wa darasani. Yule mwanamke alimtazama, akamgusa bega kwa ile glavu chafu, akarudi kazini.

Ndani kwa Rosanna walikaa mezani, na Rosanna akawapa mkate na rojo la mwaka uliopita. Shauna alikula kipande. Kisha akafungua kishikwambi, ambacho zimamoto walimtolea chumbani.

"Siwezi kuandika kwamba Mzee Kelvin alale kwenye nyumba ile leo," alisema. "Hamtegemei niandike hivyo."

Kelvin alikuwa anaangalia meza.

"Na huo waya ninauandika. Sina jinsi." Akavuta pumzi. "Lakini nimetembelea nyumba nyingi zenye boksi jipya, halafu mtu wa ndani hajui mtungi unafungukia upande gani. Na hilo pia ninaliandika. Kuna kitanda cha muda hapa hapa mjini, kwa wiki chache. Nitarudi kuitazama nyumba. Nikikuta waya mpya, tutaongea. Nikikuta ule ule..."

"Hutaukuta," alisema Kelvin.

"Kwa fedha gani?" Glenys alifoka, na ndipo yote yakamtoka, bima na kila kitu, mbele ya watu, kwenye meza ya mwenzake. Rosanna aliacha kukata mkate.

Kelvin alimsikiliza hadi mwisho. Alipomaliza alisema taratibu, "Ule msafara wangu. Kuna mtu wa mtaa wa nyuma amekuwa akiutamani."

"Hapana. Mtoni je?"

"Glen. Nimeegesha hapo kwa miaka miwili. Mto gani tena?"

Kelvin alipelekwa jioni ile kwenye kitanda cha muda, na siku za kwanza alikataa kula ili awakomoe. Glenys alikuwa akienda kwa basi kila siku ya pili. Msafara uliuzwa, ukavutwa, ukaacha alama mbili za njano kwenye nyasi. Fundi alikuja na msaidizi wake wakapasua kuta, na Glenys alilala kwa Rosanna siku zile, akavumilia kuambiwa anakunywa chai kama farasi. Fedha ya msafara ilitosha boksi na waya, ikabaki ya kuanzia bima. Haikubaki ya kitu kingine. Hadi leo anavaa sweta mbili msimu wa baridi, na gari halijarudi.

Boksi jipya halina kauri wala waya. Lina swichi ndogo nyeusi, na lina woga kupita kiasi. Ukiwasha birika na pasi kwa pamoja, paa! linajizima. Saa tano ikifika nyumba bado inaamka kama zamani, ila sasa Glenys anapanga foleni: kwanza nguo, kisha oveni, kisha maji ya kuoga.

Kelvin alirudishwa nyumbani mwezi wa nne, wakati joto limeshavunjika, ingawa ruhusa ya kubaki ilikuwa bado mkononi mwa Shauna. Siku Shauna alipokuja kwa mara ya pili, alisimama mlangoni na hakuingia. Pua ilikuwa juu.

"Bi Glenys," alisema, "hiyo ni harufu ya nini?"

"Ingia, mwanangu!" Kelvin alipaza sauti kutoka kwenye kiti chake. "Binamu yake Rosanna amevua ghubani. Safari hii ni samaki kweli!"

Shauna hakucheka. Alipita moja kwa moja hadi chumbani, akainama juu ya bega la mzee, akaweka kiganja ukutani. Glenys alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya samaki mkononi, akisubiri. Shauna alikiacha kiganja pale; ukuta ulikuwa baridi. Halafu akauliza kama kuna ndimu.